Sura ya 9: Limfosaiti na Kinga Inayojengwa na Mwili

Kabla hujaanza sura hii, hakikisha umesoma sura ya damu na unaweza kutofautisha seli nyekundu, seli nyeupe, chembe sahani na plazma. Kama bado, rudi kwanza. Sura hii haina huruma kwa aliyeruka ile.

Tuanze na swali. Mtu aliyeugua chikungunya mara moja kwa kawaida haugui tena. Mtu aliyeugua malaria mwezi wa tatu anaweza kulala tena na malaria mwezi wa tano. Magonjwa yote mawili huletwa na mbu, yote mawili huanza na homa, na yote mawili yanajulikana katika mkoa wa Mtwara. Kwa nini basi mwili uukumbuke ugonjwa mmoja na uonekane kuusahau mwingine? Ukiweza kulijibu swali hili kikamilifu, umeielewa sura yote. Yatakayobaki ni majina ya kukariri.

9.1 Homa ya Newala

Mwaka 1952 ugonjwa usiofahamika uliwakumba watu wa uwanda wa juu wa Makonde, katika eneo la Newala, kaskazini mwa mto Ruvuma. Mgonjwa alishikwa na homa kali kwa ghafla, kisha viungo vikamuuma kiasi cha kushindwa kusimama wima. Wenyeji waliuita ugonjwa huo kwa neno la lugha yao, Kimakonde, lenye maana ya kujikunja au kupinda: chikungunya. Utakuta maandishi yanayosema kwamba neno hilo ni la Kiswahili. Si kweli, na kama una bibi au babu Mmakonde atakusahihisha mara moja.

Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliueleza ugonjwa huo katika taarifa zilizochapishwa mwaka 1955. Lumsden alionyesha jambo ambalo mkazi yeyote wa Newala wa zamani analijua: maji juu ya uwanda ni ya shida, hivyo watu waliyateka mbali na kuyahifadhi ndani ya nyumba, na mbu aina ya Aedes aegypti wakazaliana humo humo kwenye vyombo vya maji. Mwaka 1953 mtafiti R. W. Ross alifanikiwa kuvitenga virusi kutoka katika damu ya mgonjwa. Virusi vya ukoo huo bado vinatumika katika maabara mbalimbali duniani, na vinaitwa kwa jina lake.

Sasa fikiri kama mchunguzi. Una virusi ndani ya chupa. Utajuaje kwamba hivyo ndivyo vilivyowaangusha watu, na si virusi vingine vilivyookotwa kwa bahati? Njia iliyotumika katika maabara za virusi za wakati ule ilitegemea kazi ya limfosaiti, ingawa limfosaiti zenyewe hazikuonekana popote katika jaribio. Seramu, yaani majimaji ya damu yaliyobaki baada ya damu kuganda, huchukuliwa kwa mtu aliyepona. Huchanganywa na virusi, kisha mchanganyiko huchomwa kwenye panya wachanga. Panya wakiishi, maana yake seramu ile ina kitu kinachovizuia virusi vile hasa. Seramu ya mtu yuleyule iliyochukuliwa siku ya kwanza ya homa haina kitu hicho, na panya hufa.

Mtu ni yuleyule, damu ni ileile. Kati ya siku ya kwanza na wiki ya tatu kimeongezeka kitu. Kitu hicho ni kingamwili, na sura hii inaeleza kilikotoka.

9.2 Kinga mbili

Mwili una kinga ya kuzaliwa nayo na kinga inayojengwa. Ya kwanza tuipite haraka kwa sababu umeshaisoma: ngozi, kamasi, asidi ya tumbo, homa, na seli nyeupe zinazomeza vimelea kama vile makrofaji. Kinga hii huanza kazi ndani ya dakika au saa chache, na hutenda kwa namna ileile kwa kila adui, leo na miaka kumi ijayo.

Kinga inayojengwa huchelewa. Mara ya kwanza inahitaji takriban wiki moja hadi mbili ili ifikie nguvu zake. Lakini ina sifa mbili ambazo ile nyingine haina: inalenga adui mmoja mahususi, na inakumbuka. Sifa zote mbili ni kazi ya limfosaiti. Mtihani ukikuuliza tofauti za kinga hizi mbili, anza na hizo. Ukitaja kasi peke yake utapata alama moja.

9.3 Limfosaiti ni zipi?

Limfosaiti ni aina mojawapo ya seli nyeupe za damu. Ukizitazama kwa hadubini hazina mvuto: ni seli ndogo za mviringo, zenye kiini kikubwa cha duara kinachojaza karibu seli nzima. Katika damu ya mtu mzima mwenye afya ni takriban asilimia 20 hadi 40 ya seli nyeupe zote. Nyingi zaidi hazipo kwenye damu. Zimo ndani ya tezi za limfu, wengu, mafindofindo na ukuta wa utumbo.

Umekanyaga gamba la chaza ufukweni Msimbati, kidonda kikaingia uchafu, na baada ya siku mbili ukapata uvimbe wenye maumivu kwenye kinena. Nyumbani wanakwambia, "Una mtoki." Mtoki huo ni tezi ya limfu. Majimaji kutoka mguuni yamebeba vipande vya bakteria hadi kwenye tezi, limfosaiti zilizomo zimevitambua na zimeanza kugawanyika kwa kasi. Kwa hiyo uvimbe upo kwenye kinena ilhali kidonda kipo kwenye unyayo. Usiukande wala kuutumbua, tibu kidonda.

Limfosaiti zote huzaliwa kwenye uboho, ute ulio ndani ya mifupa. Baadhi huhamia kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani mbele ya moyo, na kukomaa huko. Hizo ni limfosaiti T. Nyingine, kwa binadamu, hukomaa palepale kwenye uboho, nazo ni limfosaiti B.

Watahiniwa wengi huandika kwamba herufi B inatokana na jina la Kiingereza la uboho. Ni bahati tu kwamba herufi zinafanana. B imetoka kwa kuku. Kuku ana kifuko kidogo karibu na tundu la haja, kiitwacho bursa ya Fabricius, ambacho kwa miaka mingi hakuna aliyejua kazi yake. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake nchini Marekani walichapisha taarifa kwamba kuku walioondolewa kifuko hicho wakiwa vifaranga hawakuweza kutengeneza kingamwili. Kazi ya thaimasi ilidhihirishwa na Jacques Miller mwaka 1961, kwa kuiondoa kwenye panya waliotoka kuzaliwa. Binadamu hana bursa, lakini herufi imebaki.

9.4 Mwili hautengenezi dawa ya adui. Unamchagua aliye tayari

Hapa ndipo penye wazo gumu kuliko yote katika sura hii. Lisome mara mbili.

Watu wengi hudhani kwamba virusi vikiingia, mwili hukaa, huvitazama, kisha hutengeneza kingamwili ya kuviweza. Wazo hilo linavutia, na wanasayansi wenyewe waliliamini kwa miaka mingi. Linaleta tatizo moja: mwili utajuaje namna ya kutengeneza kitu kwa ajili ya adui ambaye hajawahi kuonekana?

Jibu lililokubalika lilielezwa na Frank Macfarlane Burnet wa Australia mwaka 1957. Limfosaiti ya kumshika adui huyo ipo tayari kabla hajafika. Kila limfosaiti B inapokomaa hukata na kuunganisha upya vipande vya jeni zake kwa kubahatisha, na matokeo yake ni kipokezi chenye umbo lake lenyewe. Limfosaiti moja hubeba maelfu ya vipokezi juu ya utando wake, lakini vyote ni vya umbo moja. Jirani yake ana umbo jingine. Kwa kuwa mwili wa mtu una limfosaiti zinazofikia takriban trilioni moja au zaidi, maumbo yaliyopo ni mamilioni kwa mamilioni. Mengi hayatapata kazi yoyote maishani.

Chukua mfano wa mvuvi mwenye mshipi mrefu wa ndoana elfu moja. Hajui leo kuna samaki gani, basi kila ndoana anaitia chambo tofauti. Usiku kucha chambo mia tisa tisini na tisa hazikuguswa, na moja imeshika. Kesho yake anafanya nini? Anatia chambo ile ile kwenye ndoana zote. Hakuibuni baada ya kumwona samaki. Alikuwa nayo, akaigundua kwa sababu imeshika, akaiongeza.

Limfosaiti ndivyo zinavyofanya. Kipande cha kimelea kinachotambuliwa na kipokezi huitwa antijeni. Kirusi cha chikungunya kikiingia mwilini mwa mtu wa Newala, antijeni za juu ya ganda lake huelea kupita limfosaiti nyingi mno bila kushikwa. Hatimaye, ndani ya tezi ya limfu, hukutana na chache ambazo vipokezi vyake vinalingana nazo. Hizo peke yake ndizo zinazoamka. Kila moja hugawanyika, ikawa mbili, nne, nane, hadi maelfu ya nakala zinazofanana. Jeshi hilo la ndugu wa tumbo moja huitwa kloni, na mchakato wote huitwa uchaguzi wa kloni.

Sasa unaelewa kwa nini kinga hii huchelewa. Siku zile za mwanzo ni muda wa kutafuta na kuzidisha. Mgonjwa wakati huo yuko kitandani amejikunja.

Nakala nyingi za limfosaiti B hubadilika kuwa seli za plazma. Hizi huacha kugawanyika na kuwa viwanda: moja humwaga maelfu ya molekuli za kingamwili kila sekunde. Kingamwili ni kile kile kipokezi, isipokuwa sasa kimeachiwa kiogelee huru kwenye damu. Hapa mwanafunzi makini hupata alama ambazo wengine hukosa. Kingamwili haiui kirusi kwa kukichoma kama mkuki. Hukizingira kisiweze kujibandika kwenye seli, hukigandisha na vingine kiwe bonge, na hukitia alama ili makrofaji wakimeze. Kingamwili za kwanza kutokea ni za kundi la IgM, kisha hufuata IgG, ambazo hushika kwa nguvu zaidi na hudumu.

Swali ambalo lazima liwe limekujia: ikiwa maumbo hutengenezwa kwa kubahatisha, si baadhi yatalingana na seli za mwili wenyewe? Ndiyo, na hutokea kila siku. Limfosaiti changa hujaribiwa kwenye uboho na kwenye thaimasi. Zinazoshika vitu vya mwili wenyewe kwa nguvu hulazimishwa kufa. Zaidi ya asilimia 95 ya limfosaiti T changa hazitoki hai ndani ya thaimasi. Zinazoponyoka ndizo huweza kuleta magonjwa ambamo kinga hushambulia mwili wenyewe, kwa mfano kisukari cha aina ya kwanza.

9.5 Limfosaiti T

Kingamwili zina udhaifu mmoja: haziwezi kuingia ndani ya seli. Kirusi kikishapenya ndani ya seli ya misuli au ya kiungo, kingamwili hubaki nje mlangoni. Hapo zinahitajika limfosaiti T.

Limfosaiti T haitambui kirusi kinachoelea. Hutambua kipande cha protini yake kilichobebwa na kuonyeshwa juu ya utando wa seli nyingine. Karibu kila seli yako yenye kiini hufanya kazi hii ya kuonyesha: inakata sampuli ya protini zilizomo ndani yake na kuzitoa nje zikaguliwe, kama gari la mizigo linavyofunguliwa turubai penye kizuizi. Seli T uaji ikikuta kipande cha kirusi kimeonyeshwa, huitoboa seli hiyo na kuiamuru ife, pamoja na virusi vilivyomo. Kumbuka maneno "seli yenye kiini". Tutayarudia tukifika kwenye malaria.

Seli T saidizi haziui. Zenyewe hutoa kemikali za mawasiliano ziitwazo saitokini, ambazo huziamsha seli B, seli T uaji na makrofaji. Ukiulizwa ni limfosaiti ipi muhimu kuliko zote, jibu langu ni hii, na ushahidi uko kwenye kipengele cha 9.8.

Kuna mfano wa kazi ya seli T ambao watu wa Mtwara wanaubeba mikononi msimu wa korosho. Mafuta ya ganda la korosho ni makali, na humuunguza yeyote anayebangua bila kinga: hiyo ni kemia tu, haihusiani na limfosaiti. Lakini kuna watu ambao hata wakiguswa na kiasi kidogo sana, baada ya siku moja hadi tatu ngozi huwasha, huvimba na kutoa malengelenge. Hao seli zao T zimejifunza kuyatambua mafuta hayo baada ya kuyagusa zamani, na sasa zinashambulia ngozi iliyoyanyonya. Kuchelewa huko ndiyo alama ya seli T, kwa kuwa zinahitaji muda kukusanyika kwenye ngozi. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwashwa pia na ganda la embe. Mwembe na mkorosho ni wa familia moja ya mimea, na kemikali zake zinafanana kiasi cha kuzihadaa seli T.

9.6 Kumbukumbu

Vita ikiisha, nakala nyingi za limfosaiti hufa. Tezi hurudi udogo wake, mtoki unayeyuka. Chache hubaki, nazo huitwa seli kumbukumbu. Seli B kumbukumbu na seli T kumbukumbu huweza kukaa mwilini kwa miaka mingi, na baadhi ya seli za plazma huhamia kwenye uboho na kuendelea kutoa kingamwili kidogo kidogo.

Chora grafu hii kwenye daftari lako. Mhimili wa chini ni siku, mhimili wa wima ni kiwango cha kingamwili kwenye damu. Baada ya kukutana na antijeni mara ya kwanza, mstari hulala chini kwa siku kadhaa, hupanda taratibu hadi kilima kidogo, kisha hushuka. Baada ya kukutana na antijeni ile ile mara ya pili, hupanda baada ya siku chache tu, huenda juu zaidi mara nyingi, na hukaa juu kwa muda mrefu. Grafu hii hutolewa sana katika mitihani. Kosa la kawaida ni kuuanza mstari wa pili sifurini. Si lazima uwe sifurini. Kuna kingamwili zilizobaki.

Kwa aliyeugua chikungunya, mstari wa pili hupanda upesi kiasi kwamba virusi hufagiliwa kabla hajahisi homa. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huichukulia kinga hiyo kuwa ya muda mrefu, pengine ya maisha.

Chanjo huutumia mlango huo huo, bila kulipia gharama ya ugonjwa. Mtoto hupewa antijeni peke yake, au kimelea kilichodhoofishwa, ili uchaguzi wa kloni ufanyike na seli kumbukumbu zibaki. Tanzania mtoto huchanjwa surua na rubela akiwa na miezi 9, kisha hurudiwa akiwa na miezi 18. Sasa unaweza kueleza sababu ya dozi ya pili kwa kutumia grafu yako.

9.7 Turudi kwenye malaria

Kirusi cha chikungunya hakibadilishi sana sura yake. Antijeni zilizokuwa kwenye ganda lake zamani zinafanana vya kutosha na za leo, kiasi kwamba limfosaiti kumbukumbu huzitambua. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali, kina mbinu nyingine, na inafaa uzijue tatu.

Kwanza, hujificha ndani ya seli nyekundu za damu. Seli nyekundu haina kiini, haionyeshi sampuli za protini kama seli nyingine, hivyo seli T uaji hupita pembeni yake bila kuona kitu. Ni maficho mazuri kuliko yote mwilini.

Pili, hubadilisha nguo. Kimelea huweka protini yake juu ya utando wa seli nyekundu ili inate kwenye kuta za mishipa na kukwepa kupitishwa kwenye wengu, ambako ingeharibiwa. Protini hiyo ingekuwa antijeni nzuri ya kukilenga. Lakini kimelea kina takriban jeni 60 za aina hiyo na hutumia moja baada ya nyingine. Limfosaiti zinapokamilisha kloni dhidi ya sura ya kwanza, baadhi ya vimelea vimeshavaa ya pili.

Tatu, kimelea hupita hatua tofauti. Kilichopo kwenye ini hakina antijeni zile zile za kilichopo kwenye damu. Kinga dhidi ya hatua moja haizuii nyingine.

Usiandike, basi, kwamba mwili husahau malaria. Mtu mzima aliyekulia pwani ya Mtwara, kati ya Mikindani na mdomo wa Ruvuma, ameugua mara nyingi utotoni na amekusanya kloni dhidi ya sura nyingi. Akiumwa na mbu mwenye vimelea huenda asipate homa kali, ingawa vimelea vimo kwenye damu. Kinga hiyo haijakamilika, na hupungua akihama kwa miaka mingi kwenda mahali pasipo na malaria. Mtoto wa miaka miwili hana akiba hiyo. Ndiyo sababu watoto wadogo ndio wanaokufa zaidi kwa malaria, na homa ya mtoto haisubiri kesho.

Chanjo ya kwanza ya malaria kufikia hatua ya kutumika, RTS,S, ilijaribiwa katika vituo 11 Afrika, viwili vikiwa Tanzania: Bagamoyo na Korogwe. Inalenga kimelea kinapoingia kutoka kwa mbu, kabla hakijajificha kwenye ini na kwenye seli nyekundu. Kwa yale uliyokwisha kusoma, unaona kwa nini walichagua hatua hiyo.

9.8 Limfosaiti zinapoharibiwa

Virusi vya Ukimwi huingia ndani ya seli T saidizi zenye protini ya CD4 na kuziangamiza. Mtu mwenye afya huwa na takriban 500 hadi 1,500 za seli hizo katika kila milimita ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, mwili hushindwa hata na vimelea vilivyokuwa vikiishi naye kwa amani. Seli B zipo, seli uaji zipo, lakini hakuna wa kuziamsha. Dawa za kufubaza huzuia virusi kuzaliana, na idadi ya CD4 hupanda tena. Eleza hivyo, usiandike kwamba dawa "zinaongeza damu".

Surua hufanya uharibifu wa aina nyingine usiojulikana sana. Virusi vyake hushambulia seli kumbukumbu zenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipima damu ya watoto kabla na baada ya kuugua surua, na kukuta wamepoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto aliyepona surua anaweza kuugua tena magonjwa ambayo mwili wake ulikuwa umeshayajua.

Maswali na majibu

Jaribu mwenyewe kwanza. Majibu yamefupishwa, katika mtihani andika sentensi kamili.

1. Mgonjwa amefika zahanati siku ya pili ya homa, viungo vinamuuma. Kipimo cha kingamwili za chikungunya hakikuonyesha kitu. Je, ni sahihi kusema hana chikungunya? (alama 3)

Si sahihi. Siku ya pili limfosaiti B bado zinachaguliwa na kugawanyika. Kingamwili za IgM kwa kawaida huanza kuonekana mwishoni mwa wiki ya kwanza. Kwa siku hizo za mwanzo hutafutwa kirusi chenyewe kwenye damu, au kipimo cha kingamwili hurudiwa baadaye.

2. Mama mjamzito alichanjwa pepopunda. Mtoto wake analindwa wiki za mwanzo bila kuchanjwa. Eleza, kisha eleza kwa nini ulinzi huo haudumu. (alama 4)

IgG za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia kwenye damu ya mtoto. Mtoto amepewa kingamwili, hakupewa limfosaiti zinazozitengeneza wala seli kumbukumbu. Kingamwili zikichakaa hakuna za kuzirudishia. Hii ni kinga ya kupewa.

3. Mwanamke mwenye umri wa miaka 20, mzaliwa wa Msimbati, hajaugua malaria kali tangu utotoni. Anapopata mimba ya kwanza anaugua sana. Katika mimba ya tatu haugui kiasi hicho. Tumia maarifa ya antijeni kueleza. (alama 5)

Hili huwashinda wengi. Kondo la nyuma ni kiungo kipya ambacho mwili wake haukuwa nacho. Vimelea vyenye protini ya kunata kwenye kondo hupata mahali pa kujibanza, na protini hiyo mwili wake haujawahi kukutana nayo, kwa hiyo hakuna kloni wala seli kumbukumbu dhidi yake. Kinga yake ya zamani ipo, lakini ni dhidi ya sura nyingine. Kadiri mimba zinavyoongezeka, limfosaiti zinazoitambua sura hiyo zimeshachaguliwa na kuhifadhiwa. Ukitaja pia kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya wajawazito kupewa dawa za kuzuia malaria kliniki na kulala ndani ya chandarua, msahihishaji atafurahi.

4. Kijana ameanza kazi ya kubangua korosho. Wiki ya kwanza mafuta kidogo yalimgusa mkononi, hakuna kilichotokea. Wiki ya nne aliguswa na kiasi kile kile, na siku mbili baadaye mkono ukavimba na kuwasha. Mwenzake asema, "Mafuta ya leo yalikuwa makali zaidi." Toa maelezo mengine, ukitaja aina ya limfosaiti inayohusika na sababu ya kuchelewa kwa siku mbili. (alama 4)

Swali hili halina jibu hapa. Rudi 9.5 na 9.6, kisha andika.